Wimbi la Ubongo Si Cheti cha Wepesi

Dereva wa bodaboda anayekabidhiwa bajaji kwa mara ya kwanza hukutana na jambo ambalo hakulitarajia: mikono yake mwenyewe inamponza. Pikipiki iliyo kwenye mwendo haikati kona kwa kuzungushiwa usukani upande wa kona. Anayetaka kwenda kulia huusukuma mbele kidogo mkono wa kulia wa usukani, pikipiki ikalalia kulia, na kona ikakatika. Madereva wengi hufanya hivyo kila siku bila kujua kwamba ndivyo wanavyofanya. Bajaji ina magurudumu matatu na hailali. Ukiusukuma mbele mkono wa kulia, gurudumu la mbele linaelekea kushoto na bajaji nzima inalifuata. Ndiyo maana kwenye vijiwe vya Sinza na Mwenge utamwona kijana anayejua vichochoro vyote, na anayejua trafiki wanasimama wapi, akiyumba kwenye kona ambayo kwa pikipiki angeipita huku akipiga soga na abiria. Mwenzake aliyeanza naye ametulia baada ya mizunguko michache. Hukumu ya kijiwe hutoka hapohapo, kwamba huyu mwepesi na yule mzito, na tajiri mwenye chombo huitumia kuamua nani apewe funguo.

Kwa nini watu wawili wenye uzoefu unaolingana wapishane hivyo? Watafiti wa ubongo wamelishughulikia swali hili kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya karibuni limepata jibu linalovutia mno, kwamba sehemu ya tofauti hiyo inaonekana kwenye mawimbi ya umeme wa ubongo, chini ya nusu sekunde baada ya mtu kuona kosa lake. Hoja yangu ni kwamba matokeo hayo yanaeleza jambo la kweli kuhusu namna ubongo unavyolishughulikia kosa, lakini yametoka kwenye makundi madogo ya watu waliokuwa wakifanya kazi moja ya maabara, na anayeyageuza kuwa kipimo cha mtu mmojammoja anayabebesha mzigo yasioweza kuubeba.

Maabara haina nafasi ya bajaji, kwa hiyo watafiti walitafuta kazi ndogo zaidi. Mwaka 1994 Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi walichapisha jaribio ambalo mshiriki alishika mpini wa roboti na kuupeleka kwenye alama, huku roboti ikiusukuma mkono wake pembeni kwa nguvu iliyotegemea kasi ya mkono wenyewe. Mwanzoni njia ya mkono ilipinda, na baada ya marudio mengi ikanyooka. Kilichokuwa na uzito zaidi ni kilichotokea nguvu ile ilipoondolewa ghafla: mkono ulipinda tena, safari hii kwa upande wa pili. Mshiriki hakuwa amekaza misuli tu. Ubongo wake ulikuwa umejenga utabiri wa nguvu hiyo na kuijibu kabla haijafika. Athari hiyo inayobaki baada ya hali kurudi kama zamani ndiyo watafiti wanayoitafuta wanapotaka kujua kama mwili umejirekebisha kweli au mtu amebahatisha tu. Siku hizi jaribio linalotumika zaidi, kwa kuwa halihitaji roboti, humtaka mtu asogeze mkono asiouona huku akitazama kishale kwenye skrini, kisha kishale kinapindishwa nyuzi kadhaa, tuseme 30, kutoka kule mkono ulikoelekea.

Sehemu ya ubongo inayohusika zaidi na kazi hii inafahamika. Serebelamu, iliyo kisogoni chini ya ubongo mkubwa, huchukua takribani sehemu moja ya kumi ya ubongo, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na watafiti wa Brazili iliikuta na seli za neva zipatazo bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Mwaka 1996 Thach na wenzake waliwavalisha watu miwani ya prizimu, inayohamishia picha pembeni, wakawataka warushe mipira ya udongo kwenye shabaha. Watu wenye afya walikosa mara za kwanza, wakajirekebisha, na walipovua miwani wakakosa kwa upande wa pili. Wagonjwa wengi waliokuwa na madhara kwenye serebelamu waliendelea kukosa. Hata hivyo, kujua kwamba serebelamu iliyoharibika hukwamisha ujirekebishaji hakutuambii kwa nini watu wawili wenye serebelamu nzima wapishane, na swali la vijana wetu wa kijiweni ni hili la pili.

Kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo kina umri wa karne moja. Hans Berger alipata rekodi ya kwanza ya binadamu huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924 na kuichapisha mwaka 1929. Mtu huvalishwa kofia yenye vipokeo vinavyogusa ngozi ya kichwa, na mashine hunasa umeme wa mikrovolti chache. Jibu la ubongo kwa tukio moja humezwa na kelele ya umeme mwingine, kwa hiyo mtafiti hulirudia tukio mara nyingi na kutafuta wastani. Katika wastani huo hujitokeza mawimbi yenye sura inayojulikana. Mojawapo huitwa P300, kwa sababu ni chanya na huonekana takribani milisekunde 300 au zaidi baada ya tukio, nalo limechunguzwa tangu mwaka 1965. Lingine ni wimbi hasi linalofuata mrejesho, ambalo huonekana sehemu ya mbele na katikati ya kichwa.

Mwaka 2019 Dimitrios Palidis, Joshua Cashaback na Paul Gribble walichapisha utafiti uliotenganisha mambo mawili ambayo katika maisha huja pamoja: kuona kwamba mkono umekwenda kombo, na kuambiwa umepata au umekosa. Katika kazi ya kwanza kishale kilipindishwa ili mshiriki ajifunze kutokana na kosa aliloliona. Katika ya pili aliambiwa tu kama amefaulu au la, bila kuonyeshwa mkono ulikoelekea. Wimbi hasi la mrejesho lilijitokeza kwa habari ya kufaulu na kukosa, wala halikujitokeza kwa kosa la kuonekana. P300 ilijitokeza katika kazi zote mbili. Katika ile ya kishale ilikua pale kosa lilipoongezwa, na ukubwa wake ulihusiana na kasi ya kila mshiriki katika kujirekebisha.

Uhusiano huo ni wa kusisimua, na ni rahisi kuona mtu angeupeleka wapi. Siku si nyingi atatokea mwenye kofia na kompyuta atakayezishawishi shule za udereva, au timu za vijana, kwamba dakika 20 za kipimo zitamtenga mwepesi na mzito kabla hata hajagusa usukani au mpira. Waandishi wa utafiti wenyewe walikuwa waangalifu. Walipendekeza kwamba P300 huakisi ushughulikiaji wa mrejesho unaohusiana na kujirekebisha kwa ujumla, na katika kazi ya pili waliiona ikiongezeka kwa mshangao, mrejesho uwe mzuri au mbaya. Wimbi linalopanda kwa kosa, kwa tuzo na kwa mshangao si saa inayosoma kasi ya serebelamu. Isitoshe, vipokeo vya juu ya kichwa hunasa vizuri zaidi umeme wa gamba la ubongo lililo karibu navyo, na ukubwa wa wimbi hutegemea pia unene wa fuvu na namna mikunjo ya ubongo ilivyoelekea, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na wepesi wa mtu. Wala hatujaonyeshwa kwamba mtu akikuziwa P300 atajifunza haraka zaidi. Inawezekana wimbi na kasi vyote viwili vinafuata kitu cha tatu, kama vile umakini alioamka nao mshiriki siku hiyo.

Hata tukiuchukua uhusiano huo kama ulivyo, kasi yenyewe inayopimwa si kitu kimoja, na hapa ndipo naona tatizo kubwa zaidi. Mwaka 2006 Pietro Mazzoni na John Krakauer waliwapindishia watu kishale nyuzi 45, kisha wakawapa siri: lenga alama ya jirani, kishale kitafika unakotaka. Walipoanza tu kuitumia siri hiyo walifaulu. Kadiri walivyoendelea, makosa yakaanza kuongezeka, kwa sababu sehemu ya ubongo inayojirekebisha bila kuagizwa haikujali kwamba alama imepigwa. Ilichoona ni tofauti kati ya mahali alipolenga na mahali kishale kilipokwenda, ikaendelea kusahihisha hadi ikaharibu mkakati uliokuwa ukifanya kazi. Ndani ya mtu mmoja kulikuwa na wanafunzi wawili, mmoja anayefikiri na mmoja asiyesikia maelezo. Mwaka 2015 Krista Bond na Jordan Taylor walionyesha kwamba wawili hao wana tabia tofauti kabisa: pindisho likiongezwa, mkakati wa makusudi huongezeka nalo, ilhali ujirekebishaji wa kimyakimya hubaki karibu palepale.

Mkongwe wa kijiwe anayesema, “Dogo, hii hailali, zungusha tu usukani,” anazungumza na yule anayefikiri. Dogo ameelewa, anaitikia, anakwenda vizuri hadi kona ya tatu, kisha abiria anapopiga kelele kwa sababu ya daladala iliyochomekea mbele yao, mikono inarudia yake ya zamani. Hatuwezi kusema kwa kumtazama kama uzito wake uko kwenye kuelewa, kwenye kuushika mkakati akiwa na presha, au kwenye mikono isiyosikia maelezo, na kila moja ya hizo inahitaji msaada wa aina yake. Mtaalamu atanikumbusha pia kwamba kugeuziwa usukani kinyume si sawa na kupindishiwa kishale nyuzi 30, naye atakuwa sahihi. Telgen, Parvin na Diedrichsen walionyesha mwaka 2014 kwamba kazi ya kioo, ambayo kulia inakuwa kushoto, hujifunzwa na kuhifadhiwa kwa njia tofauti na kazi ya pindisho. Basi hata aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye kishale kilichopinda hana dhamana ya kuwa wa kwanza kwenye bajaji. Kazi ya Palidis na wenzake ilijengwa makusudi ili kutenga aina moja ya ujifunzaji, na huo ndio ubora wake. Barabara ya Shekilango haitengi chochote.

Kuna ugumu wa pili ambao wasomaji wasio watafiti huelezwa mara chache, nao unahusu vipimo vyenyewe. Jaribio zuri la maabara ni lile ambalo karibu kila mshiriki anaonyesha athari ileile, kwani mtafiti anayetaka kuthibitisha kwamba athari ipo hufurahi washiriki wanapofanana. Anayetafuta tofauti kati ya watu anahitaji kinyume chake: watu watofautiane sana, na kila mmoja abaki na nafasi yake akipimwa tena. Craig Hedge, Georgina Powell na Petroc Sumner waliwapima watu kwa majaribio mashuhuri ya saikolojia, wakawarudia baada ya wiki tatu. Katika matokeo yao ya mwaka 2018, uthabiti wa vipimo hivyo, kwenye kipimo ambacho 1 ni ulinganifu kamili, ulitawanyika kuanzia sifuri hadi 0.82, na baadhi ya majaribio yaliyosifika kwa kutoa athari ileile kila mara ndiyo yaliyoshindwa kuwapanga watu kwa mpangilio uleule mara mbili. Hayakuwa majaribio ya kujirekebisha kwa mwendo, lakini mantiki haichagui fani. Kabla ya kuuliza kama wimbi linahusiana na kasi ya Juma, ni lazima tujue kama kasi ya Juma ya Jumatatu inafanana na yake ya Ijumaa.

Idadi ya washiriki nayo ina neno lake. Scott Marek na wenzake walichambua picha za ubongo za watu wapatao 50,000 na kuonyesha, mwaka 2022, kwamba uhusiano kati ya tofauti za ubongo na tofauti za tabia kwa kawaida ni mdogo kiasi cha kuhitaji maelfu ya watu ili uonekane kwa uhakika, wakati tafiti nyingi za picha za ubongo zilikuwa na washiriki kama 25. Walichochunguza ni picha za sumaku, na jaribio lililobana vizuri kazi moja linaweza kupata uhusiano mkubwa zaidi, kwa hiyo sitaki kuitumia takwimu hiyo kuzika kila utafiti mdogo. Lakini historia ya fani yenyewe inatupa sababu ya kusubiri. Mwaka 2014 kundi la Maurice Smith wa Harvard liliripoti kwamba watu ambao mwendo wao hutawanyika zaidi kabla ya mafunzo hujifunza haraka zaidi. Uchambuzi uliokusanya majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2016 haukukuta uhusiano wa jumla wa namna hiyo. Mwaka 2011 Joseph Galea na wenzake waliripoti kwamba umeme hafifu ukipitishwa juu ya serebelamu huharakisha kujirekebisha, na mwaka 2017 Galea huyohuyo, pamoja na Roya Jalali na Chris Miall, alichapisha mfululizo wa majaribio ambayo hayakupata athari thabiti. Mimi huwaheshimu zaidi watafiti wa aina hiyo, wanaorudi kwenye dai lao wenyewe na kuandika kwamba halikusimama.

Kofia yenyewe, tukiileta Dar es Salaam kesho, ingekutana na vichwa ambavyo haikutengenezewa. Vipokeo vinapaswa kugusa ngozi. Nywele nzito za kipilipili huviinua, na msichana aliyesuka twende kilioni atatolewa kwenye orodha au ataambiwa afumue. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha muundo wa vipokeo vinavyobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, msuko wenyewe ukisaidia kuvikandamiza kwenye ngozi. Ni ubunifu mzuri uliokuja miaka 96 baada ya rekodi ya Berger, na kuchelewa huko kunaeleza kwa nini si busara kuchukua wastani uliopatikana kwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya na Marekani Kaskazini na kumpangia nao daraja kijana wa Tandale.

Mahali ambapo tofauti za watu katika kujirekebisha zina gharama kubwa zaidi katika jiji hili ni kwenye mazoezi ya waliopata kiharusi. Utafiti wa Richard Walker na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo lililochunguzwa Dar es Salaam, na 108.6 katika wilaya ya Hai, takwimu zote zikiwa zimerekebishwa kwa umri. Wanaosalimika hulazimika kujifunza upya kutembea na kushika kikombe. Darcy Reisman, Amy Bastian na wenzao walionyesha mwaka 2007 kwamba mgonjwa anayechechemea, akitembezwa kwenye mashine yenye mikanda miwili inayokwenda kwa kasi tofauti, anaweza kutoka hapo hatua zake zikiwa zimelingana kwa muda, ishara kwamba uwezo wa kujirekebisha haukupotea pamoja na nguvu za mguu. Muda huo ni mfupi, na kuudumisha ndiyo kazi ngumu.

Hapa pia ndipo tunapoona jibu la ubongo likitumika kwa mtu mmojammoja kwa namna inayokubalika. Cathy Stinear na wenzake wa Auckland, New Zealand, wametengeneza utaratibu wa kutabiri mkono wa mgonjwa utakuwa na uwezo gani miezi mitatu baada ya kiharusi, na katika ripoti yao ya mwaka 2017 utabiri ulikuwa sahihi kwa takribani asilimia 75 ya wagonjwa. Ndani yake kuna kipimo cha ubongo, yaani kuuchochea kwa sumaku na kutazama kama misuli ya mkono inajibu. Lakini hatua ya kwanza hufanyika kando ya kitanda, ndani ya siku tatu, kwa mikono mitupu: mgonjwa anainua mkono kwa upande kutoka begani, ananyoosha vidole, na kila tendo linapewa alama kuanzia 0 hadi 5. Mwenye jumla ya 5 au zaidi hahitaji sumaku. Umri wake na alama zake zinatosha. Mashine huitwa kwa wale tu ambao jicho na mkono wa mtaalamu vimeshindwa kuwasoma.

Kwa wazee kuna jambo moja zaidi. Koen Vandevoorde na Jean-Jacques Orban de Xivry walichapisha mwaka 2019 matokeo yanayoonyesha kwamba ujirekebishaji wa kimyakimya haufifii kwa umri, ingawa kasi ya jumla hupungua, kwa kuwa kinachopungua ni ule mkakati wa makusudi. Washiriki wao walikuwa na afya, hivyo sisemi kwamba wagonjwa wa kiharusi wako hivyohivyo. Hata hivyo, ningependa kuona mtaalamu wa mazoezi tiba hapa mjini akilijaribu jambo hilo kwa mgonjwa wa miaka 70 aliyeandikiwa kwenye faili kwamba haitikii mazoezi: amweleze polepole, kwa mfano na kwa kurudia, ni kitu gani kimebadilika kwenye mguu wake na anapaswa kulenga wapi kwenye hatua inayofuata, ampime wiki ile na ampime tena baada ya wiki tatu, kabla ya kuliacha neno hilo libaki kwenye faili.